Grafu za Seva: Kipi Kikumbukwe na Kipi Kisahauliwe

Katika wodi ya hospitali, karibu na kitanda cha mgonjwa aliyelazwa, huwekwa karatasi yenye miraba. Mara kadhaa kwa siku muuguzi hupima joto la mwili na mapigo ya moyo, hutia alama katika karatasi hiyo, kisha huziunganisha alama kwa mstari. Daktari apitapo asubuhi hana haja ya kusoma orodha ndefu ya tarakimu. Huutazama mstari, akajua kama homa inapanda, inashuka, au inakuja kila jioni na kuondoka kila alfajiri. Hiyo ndiyo faida ya grafu: humwezesha mtu kuuona wakati uliopita kwa mtazamo mmoja.

Kompyuta zinazowahudumia watu wengi nazo huwekewa karatasi ya namna hiyo. Tofauti ni kwamba muuguzi wake ni programu, na vipimo huchukuliwa kila sekunde kumi au kila dakika, usiku na mchana, kwa miaka. Vipimo vingi kiasi hicho haviwezi kuhifadhiwa vyote kwa ukamilifu bila gharama kubwa. Kwa hiyo yeyote anayeweka programu ya kuchora grafu za seva hana budi kuamua mapema kipi kikumbukwe, kwa muda gani, na kipi kisahauliwe. Makala haya yanaeleza jinsi uamuzi huo unavyofanywa, na hasara inayoweza kutokea ukifanywa bila kufikiri.

Seva na mapigo yake

Seva ni kompyuta inayokaa ikingoja maombi kutoka kwa kompyuta na simu nyingine, na kuyajibu. Mtahiniwa anapotafuta matokeo yake katika tovuti, au mfanyabiashara anapotuma fedha kwa simu, ombi lake husafiri hadi kwenye seva, nayo hutafuta jibu na kulirudisha. Seva ikielemewa, jibu huchelewa. Ikizidiwa kabisa, jibu halifiki.

Vipimo vya seva ni vya aina mbili, na ni muhimu kuzitofautisha tangu mwanzo. Aina ya kwanza ni vipimo vya hali, yaani vile vinavyoonyesha jinsi mambo yalivyo kwa wakati fulani: asilimia ya uwezo wa prosesa inayotumika, kumbukumbu iliyobaki, nafasi iliyosalia katika diski. Aina ya pili ni vipimo vya hesabu, vinavyoonyesha mambo mangapi yametokea katika kipindi fulani: maombi yaliyopokewa katika dakika moja, au makosa yaliyotokea. Mtu akiupima mto, kina cha maji ni kipimo cha aina ya kwanza. Ndoo zilizochotwa tangu asubuhi ni kipimo cha aina ya pili. Kina cha leo na kina cha jana havijumlishwi, lakini ndoo za leo na ndoo za jana hujumlishwa.

Asili ya ufundi huu

Kuchora wakati katika mhimili wa ulalo na kiasi katika mhimili wa wima ni ufundi wenye umri wa zaidi ya karne mbili. Mskochi William Playfair aliutumia katika kitabu alichokichapisha London mwaka 1786, akionyesha biashara ya Uingereza na nchi nyingine kwa mistari inayopanda na kushuka.

Katika mitambo ya mtandao, hatua mashuhuri ilipigwa na Mswisi Tobias Oetiker. Mwaka 1994 alikuwa akifanya kazi mahali palipokuwa na njia moja tu ya kuunganishwa na ulimwengu wa nje, yenye uwezo wa biti 64,000 kwa sekunde, sawa na baiti 8,000. Kwa njia hiyo picha yenye baiti milioni moja ingechukua sekunde 125 kupita, hata kama hakuna mtu mwingine anayeitumia. Kila mtu alitaka kujua njia imejaa kiasi gani. Oetiker akaandika programu fupi iliyochora grafu ya msongamano na kuionyesha katika ukurasa wa tovuti. Programu hiyo, MRTG, ilitolewa kwa watu wote mwaka 1995, naye mwaka 1999 akatoa nyingine iliyoboreshwa, RRDtool.

Mwaka 2006 Chris Davis, aliyekuwa mhandisi wa kampuni ya Orbitz ya Marekani inayouza tiketi za safari, alianza kuandika programu iitwayo Graphite. Mwaka 2008 kampuni hiyo iliruhusu itumiwe na mtu yeyote bila malipo. Graphite huwekwa katika kompyuta ya taasisi yenyewe, na grafu zake hutazamwa kwa kivinjari cha kawaida cha intaneti. Kwa kuwa kanuni zake zimeandikwa katika mafaili mafupi yanayosomeka, inafaa sana kwa kujifunzia, na ndiyo itakayotumika kama mfano hapa.

Vyombo vitatu katika kimoja

Graphite ina sehemu tatu. Ya kwanza, Carbon, ni mpokezi: hukaa kwenye mlango wa mtandao wenye namba 2003 ikingoja vipimo. Ya pili, Whisper, ni mtunza ghala: huviandika vipimo katika diski. Ya tatu, Graphite-Web, ni mchoraji: mtu aombapo grafu, huvitoa vipimo ghalani na kuvigeuza kuwa mstari.

Ujumbe unaopelekwa kwa mpokezi ni mfupi mno. Una mambo matatu tu, yaani jina la kipimo, thamani yake na wakati:

shule.maktaba.seva1.prosesa 26 1700000000

Nukta katika jina hugawa ngazi, kama anwani ya barua inavyotaja nchi, mji na mtaa, na kila ngazi huwa folda katika diski, isipokuwa ya mwisho ambayo huwa faili. Thamani hapa ni asilimia 26. Wakati huhesabiwa kwa sekunde zilizopita tangu kuanza kwa tarehe 1 Januari 1970 kwa majira ya Greenwich. Sekunde 1,700,000,000 zilitimia tarehe 14 Novemba 2023 saa 22:13:20 kwa majira hayo. Afrika Mashariki ilikuwa tayari tarehe 15, saa 7 na dakika 13 usiku.

Urahisi huu una sababu. Programu ndogo ya mistari michache, iliyoandikwa na mwanafunzi wa kidato cha tano, inaweza kupeleka kipimo chochote: joto la chumba cha kompyuta, idadi ya wasomaji walioingia maktaba, au umeme uliotumika bwenini. Mpokezi haulizi kipimo ni cha nini. Huandika tu.

Ghala lisilokua

Jambo la busara zaidi katika ufundi huu ni umbo la ghala. Faili la Whisper halikui kadiri vipimo vinavyoongezeka. Linapoundwa, kwa kawaida hupewa ukubwa wake wote siku hiyo hiyo, likagawanywa vyumba vyenye idadi maalumu. Vyumba vikijaa, kipimo kipya hufuta kile cha zamani kuliko vyote na kukaa mahali pake. Ni kama saa ya ukutani: mshale ukimaliza mzunguko hurudi pale ulipoanzia.

Ghala moja la namna hiyo lisingetosha, kwa sababu lingekuwa ama la undani lenye kumbukumbu fupi, ama la kumbukumbu ndefu lisilo na undani. Kwa hiyo faili moja huwekewa maghala kadhaa. Kanuni huandikwa katika faili liitwalo storage-schemas.conf, kwa mfano:

[shule]
pattern = ^shule\.
retentions = 10s:6h,1m:7d,10m:5y

[mengineyo]
pattern = .*
retentions = 60s:1d

Fungu la kwanza lasema hivi: kila kipimo ambacho jina lake linaanza kwa neno «shule» kiwekewe maghala matatu. Ghala la kwanza lina chumba kimoja kwa kila sekunde 10, nalo linakumbuka saa 6. La pili lina chumba kwa kila dakika, na linakumbuka siku 7. La tatu lina chumba kwa kila dakika 10, na linakumbuka miaka 5. Fungu la pili ni la vipimo vingine vyovyote: chumba kwa kila dakika, kwa siku moja.

Hesabu ya nafasi inayohitajika inaweza kufanywa ubaoni. Ghala la kwanza lina vyumba 2,160, la pili 10,080, na la tatu 262,800. Jumla ni vyumba 275,040. Kila chumba huchukua baiti 12, yaani baiti 4 za wakati na baiti 8 za thamani. Zidisha, kisha ongeza baiti 52 za utangulizi wa faili: jibu ni baiti 3,300,532. Kama mtu angetaka kukumbuka kila sekunde 10 kwa miaka 5 nzima, angehitaji vyumba 15,768,000, yaani zaidi ya baiti milioni 189 kwa kipimo kimoja. Taasisi yenye vipimo 1,000 ingehitaji baiti bilioni 189 badala ya bilioni 3.3.

Kwa hiyo kusahau kwa mpango huokoa sehemu 56 katika kila sehemu 57 za diski. Linalobaki kuulizwa ni kitu gani kinapotea katika sehemu hizo 56.

Wastani unaoficha

Chukua mfano wa chuo cha kufikirika kinachotangaza majina ya waliochaguliwa kujiunga nacho. Tangazo hutolewa katika tovuti saa 2 asubuhi. Katika dakika kumi zinazoizunguka saa hiyo, asilimia ya uwezo wa prosesa iliyotumika, dakika kwa dakika, ni hii:

8, 9, 8, 10, 97, 96, 9, 8, 7, 8

Kwa dakika mbili seva ilielemewa. Waombaji waliofungua tovuti katika dakika hizo walikuta ukurasa mweupe. Baadhi yao walikuwa wamelipa nauli kufika mjini penye mtandao, wakaondoka wakidhani hawakuchaguliwa. Baada ya dakika hizo mbili, utulivu ukarudi.

Ghala la dakika moja linazo thamani zote kumi. Lakini ghala la dakika kumi lina chumba kimoja tu kwa kipindi hicho chote, na kwa kawaida Whisper hukijaza kwa wastani. Jumla ya tarakimu hizo ni 260. Ukigawa kwa 10 unapata 26.

Wiki tatu baadaye, mkuu wa idara ya kompyuta anaomba fedha za kununua seva ya pili. Mhazini, ambaye kazi yake ni kudai ushahidi, anaomba grafu ya mwezi mzima. Kwa kuwa ghala la dakika moja halifiki mbali zaidi ya siku 7, grafu huchorwa kutoka ghala la tatu. Mstari wake unatambaa chini, na mahali palipo juu kuliko pote ni asilimia 26. Mhazini anauliza kwa nini chuo kinunue seva ya pili ilhali ya kwanza haijatumia hata theluthi ya uwezo wake. Ombi linakataliwa, na kwa ushahidi uliowekwa mezani uamuzi huo ni wa haki. Mwaka unaofuata waombaji wengine wanakuta ukurasa mweupe.

Katika kisa hiki hakuna aliyesema uongo, na kila tarakimu ilikuwa sahihi. Kosa lilikuwa katika mstari mmoja wa kanuni, ulioachwa kama ulivyokuja, ambao uliamua kabla ya wakati kwamba kilele hakina thamani ya kukumbukwa. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari lenyewe nalo likitunzwa kwa wastani peke yake, habari inaweza kupotea huku kurasa zimejaa.

Kuchagua namna ya kufupisha

Dawa yake ipo. Katika faili liitwalo storage-aggregation.conf, mwekaji huchagua jinsi thamani nyingi zinavyofupishwa kuwa moja. Anaweza kuchukua wastani, jumla, thamani kubwa kuliko zote, ndogo kuliko zote, au ya mwisho. Uchaguzi hufuata aina ya kipimo na swali litakaloulizwa.

Kwa kipimo cha hesabu, njia inayofaa ni jumla. Tuseme seva inapokea maombi 60 kila dakika. Katika dakika 10 yatakuwa 600. Ghala la dakika 10 likiweka wastani, litaandika 60. Mtu akijumlisha baadaye vyumba 144 vya siku nzima atapata maombi 8,640, wakati yaliyopokewa kweli ni 86,400. Amekosea mara kumi, na hakuna ishara yoyote ya kumwonya.

Kwa kipimo cha hali, kama mzigo wa prosesa, wastani unafaa kwa swali la matumizi ya kawaida, na kilele kinafaa kwa swali la kuelemewa. Faili moja hushika njia moja tu ya kufupisha. Anayetaka kujibu maswali yote mawili hupeleka kipimo kile kile kwa majina mawili, na moja hulimalizia kwa .max, ambalo kwa mfano wa kanuni unaokuja na Graphite hufupishwa kwa kuchukua thamani kubwa. Gharama yake ni faili la pili la baiti milioni 3.3. Kwa bei hiyo ndogo chuo chetu cha kufikirika kingeweza kumwonyesha mhazini alama ya asilimia 97, hata baada ya miaka minne.

Vyumba vitupu

Kuna mtego wa pili unaowanasa wengi. Tuseme ghala la kwanza lina chumba kwa kila sekunde 10, lakini seva inapeleka kipimo mara moja tu kwa dakika. Katika kila vyumba sita, kimoja kina kitu na vitano ni vitupu. Wakati wa kufupisha, Whisper hujiuliza kama vyumba vilivyojaa vinatosha kuaminika. Kiwango kinachotakiwa huitwa xFilesFactor, na kwa kawaida ni 0.5, yaani angalau nusu. Moja ya sita ni takriban 0.17, haifiki nusu. Basi ghala la pili huachwa tupu, na la tatu pia.

Matokeo yake humshangaza asiyejua. Kipimo kinafika, na grafu ya saa 6 zilizopita inaonyesha nukta zake. Lakini grafu ya wiki haina kitu, wala hakuna ujumbe wowote wa kosa. Mwekaji anaweza kupita siku nyingi akitafuta hitilafu katika nyaya na mitambo, wakati kila chombo kinafanya kama kilivyoagizwa.

Kinyume chake nacho hudhuru. Seva ikipeleka kipimo kila sekunde 10 kwenye ghala lenye chumba kimoja kwa dakika, vipimo sita hugombea chumba kimoja. Kila kifikacho hukifuta kilichotangulia, na cha mwisho ndicho kinachobaki. Vitano vimepotea bila hata kuingia katika wastani. Kanuni ya kufuata ni rahisi: ukubwa wa chumba cha ghala la kwanza ulingane na mwendo wa kupeleka vipimo.

Kanuni ya kwanza hutawala

Mafungu ya kanuni husomwa kutoka juu kwenda chini, na la kwanza linalolingana na jina la kipimo ndilo linalotumika. Katika mfano uliotolewa, fungu la «mengineyo» linapokea kila jina. Likiwekwa juu ya fungu la «shule», litavimeza vipimo vyote, na vile vilivyokusudiwa kukumbukwa miaka 5 vitakumbukwa siku moja.

Isitoshe, kanuni hutumika wakati faili linapoundwa tu. Mtu akigundua kosa na kulisahihisha, mafaili yaliyokwisha kuundwa hayabadiliki. Yatabaki na maghala ya zamani mpaka yabadilishwe moja moja kwa programu ndogo iitwayo whisper-resize. Na hata hiyo hupanga upya kilichopo, haiwezi kurudisha kilele kilichokwisha kufutwa. Ndiyo sababu mwekaji mwangalifu huanza kwa kipimo kimoja cha majaribio, akalikagua faili lake kwa whisper-info, na kuhakikisha maghala ni yale aliyoyataka, kabla ya kufungulia vipimo mia au elfu.

Ufupisho wa mwisho: kioo

Hata vipimo vikitunzwa vyema, macho yanaweza kudanganywa wakati wa kuchora. Wiki moja ina dakika 10,080. Eneo la mchoro lenye upana wa pikseli 600 haliwezi kuonyesha nukta zote hizo. Kila pikseli inabeba takriban nukta 17. Mchoraji huzifupisha tena, na kwa kawaida hutumia wastani. Kilele cha dakika mbili hushuka hata kama ghala linakikumbuka. Atakaye kukiona huiagiza Graphite ifupishe kwa thamani kubwa, kwa amri iitwayo consolidateBy, au huchora kipindi kifupi zaidi. Kwa hiyo anayesoma grafu ya kompyuta anapaswa kuuliza kama anavyouliza msomaji wa ramani: kipimio chake ni kipi?

Saa, funguo na mahali pa kukaa

Mambo matatu ya mwisho hayahitaji maelezo marefu. Kwanza, majira. Nyaraka za Graphite hutaja majira ya Chicago kuwa chaguo la awali. Asiyeandika Africa/Dar_es_Salaam au Africa/Nairobi katika faili la mipangilio anaweza kuona kilele cha saa 2 asubuhi kimechorwa saa 5 usiku wa jana yake. Saa za seva zote nazo hazina budi kulinganishwa, kwa maana kipimo huwekwa katika chumba cha wakati kilichoutaja.

Pili, ulinzi. Mlango namba 2003 haumuulizi mtu jina wala neno la siri. Ukiachwa wazi kwa intaneti nzima, yeyote anaweza kupeleka tarakimu za uongo au kuijaza diski kwa majina ya kubuni. Ufunguliwe kwa seva za taasisi peke yake, na neno la siri lililokuja na programu libadilishwe.

Tatu, mahali. Programu ya grafu isikae katika seva inayoipima. Seva ikianguka, huanguka pamoja na shahidi wake, na dakika zilizohitajika kuliko zote ndizo zitakazokosekana.

Vizazi vipya, swali lile lile

Tangu Graphite itolewe, programu nyingine nyingi zimetokea. Grafana, iliyoanzishwa na Torkel Ödegaard wa Sweden na kutolewa mwaka 2014, huchora grafu nzuri zaidi kutoka maghala ya aina mbalimbali, Graphite ikiwa mojawapo. Prometheus, iliyoanza mwaka 2012 katika kampuni ya SoundCloud mjini Berlin, haingoji kuletewa vipimo bali huvifuata kwenye seva yenyewe, na sasa imeenea sana.

Lakini uamuzi haukuondoka. Prometheus haifupishi kwa wastani. Huhifadhi kila kipimo kama kilivyochukuliwa. Basi husahau kwa namna nyingine: isipoagizwa vingine, hufuta kila kitu baada ya siku 15. Katika chuo kile, kilele cha asilimia 97 kingeonekana kwa wiki mbili, kisha kingetoweka na wastani wake pia. Mhazini angepewa karatasi tupu badala ya mstari unaotambaa. Pengine karatasi tupu ina nafuu moja, kwamba haimwambii mtu kuwa mambo yalikuwa shwari.

Kwa walimu wa hisabati, kuna somo hapa linalozidi kompyuta. Mara nyingi wastani hufundishwa kama hesabu ya kujumlisha na kugawa, ikaishia hapo. Mwanafunzi afundishwe pia kuuliza swali linalojibiwa. Anayejenga daraja haulizi wastani wa kina cha mto, huuliza mafuriko makubwa kuliko yote. Anayepanga chakula cha bweni huuliza jumla. Kila ufupisho hujibu swali moja na kuyanyamazisha mengine. Kwa sababu hiyo, kabla ya kugusa faili lolote la kanuni, mwekaji wa programu ya grafu aandike katika karatasi maswali atakayoulizwa baada ya siku moja, baada ya mwezi na baada ya miaka mitano, na nani atakayeyauliza. Maghala yapangwe kwa kufuata karatasi hiyo.

Mazoezi

1. Faili la Whisper lina maghala mawili: dakika 1 kwa siku 30, na saa 1 kwa miaka 2. Utangulizi wa faili ni baiti 16, pamoja na baiti 12 kwa kila ghala. Tafuta ukubwa wa faili.

2. Mvua iliyonyesha kwa siku kumi, kwa milimita, ni 0, 0, 3, 0, 82, 0, 0, 5, 0, 0. Tafuta jumla, wastani na kilele. Ni kipi kati ya hivyo kinachomfaa mtunza bwawa, na ni kipi kinachomfaa mjenzi wa mifereji ya barabara? Toa sababu.

3. Kipimo kinapelekwa kila baada ya dakika 5 kwenye ghala la dakika 1, ambalo hufupishwa kuwa ghala la dakika 10. Kiwango cha xFilesFactor ni 0.5. Je, ghala la pili litajaa? Kiwango kinapaswa kushushwa hadi kiasi gani?

Majibu: (1) baiti 728,680. (2) Jumla 90, wastani 9, kilele 82. Mtunza bwawa hutaka jumla, mjenzi wa mifereji hutaka kilele. (3) Halitajaa, kwa kuwa vyumba viwili tu kati ya kumi vina kitu. Kiwango kiwe 0.2 au chini yake.